Jinsi ya Kuotesha na Kupogoa Ua wa Kayaba

Kayaba ni mti wa miiba wenye asili yake Afrika Kusini, na leo umezungushwa kwenye maboma mengi katika nyanda za juu za Kenya kwa sababu huvumilia kiangazi, hauhitaji waya, na ukitunzwa vyema hata kuku hapenyi. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani hapa Kiambu, ambaye ua wake ulikuwa umempita mtu kimo, ilhali kule chini mbwa waliingia na kutoka watakavyo.

Hatua ya 1: Miche

Okota matunda yaliyoiva yakawa ya manjano, yaponde ndani ya maji, osha mbegu mpaka ziachane na nyama, zianike kivulini, kisha uzisie kitaluni bila kuzikawiza. Ukiamua kununua miche, chagua ile mifupi yenye shina nene, kwa maana mche uliorefuka kivulini hauna machipukizi ya chini.

Hatua ya 2: Kupanda

Vuta kamba umbali wa mita moja ndani ya mpaka wako, ili siku za kupogoa uweze kusimama upande wa nje bila kukanyaga mazao ya jirani. Chimba mtaro, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, na upande mvua ndefu zikishakolea. Mimi hupanda safu mbili zinazopishana, mche na mche sentimita 30.

Hatua ya 3: Mkato wa kwanza

Hapa ndipo nyua nyingi huharibika, nami naomba msomaji asiiruke hatua hii. Miche ikishashika na kuanza kutoa majani mapya, ikate yote ibaki na kimo cha sentimita 20 hivi kutoka ardhini. Najua inauma kukata kitu ulichokimwagilia maji kwa miezi, na wengi husema watakata ua ukishafikia urefu wanaoutaka, lakini kayaba ikiachwa hupeleka nguvu zake kileleni, shina la chini likabaki tupu, na shina lililozeeka tupu halivishwi majani kwa kupunguzwa juu tu. Ncha inapoondolewa mapema, vichipukizi vilivyolala kando ya shina huamka, na badala ya fito moja unapata matawi matatu au manne yanayoanzia karibu na udongo.

Matawi hayo yakirefuka kwa urefu wa kiganja, yakate tena nusu yake, kisha urudie hivyo hivyo kila yanapoongezeka, ukiuruhusu ua urefuke kidogo kidogo. Kata wakati ardhi ina unyevu, kwa sababu mche mchanga uliokatwa katikati ya kiangazi hukosa nguvu ya kuchipua. Usikate mche ambao bado umenyauka tangu kupandikizwa. Usubiri mpaka uchangamke, hata kama wenzake wametangulia. Mbuzi nao wazuiwe kabisa katika kipindi hiki, kwani machipukizi ya kayaba huanza yakiwa laini, na mbuzi hachagui pa kukata.

Hatua ya 4: Umbo na zana

Ua uwe mpana chini na mwembamba juu. Ukipanuka juu, majani ya chini hukosa jua na kupukutika, nawe utakuwa umeirudisha kasoro ile ile uliyoikwepa kwa mkato wa kwanza. Funga kamba kwenye vigingi pande zote mbili na uifuate. Jicho peke yake hudanganya.

Kuhusu zana, sipendekezi panga, ingawa ndilo linalotumiwa na wengi. Panga hupasua ncha za matawi, na ncha iliyopasuka hukauka kwenda ndani. Tumia makasi marefu ya ua yaliyonolewa kwa tupa, na msumeno kwa matawi manene. Vaa glavu za ngozi na viatu vigumu, kisha ukusanye matawi yote uliyokata, kwa kuwa mwiba mkavu wa kayaba hutoboa ndala na gurudumu la baiskeli bila shida.

Hatua ya 5: Kuziba mapengo

Mche mpya ukipandwa katikati ya ua uliokomaa kwa kawaida hudhoofika, maana kivuli na mizizi ya wakubwa huumaliza. Ni afadhali kulaza tawi refu la mti wa kando: likwaruze gamba upande wa chini, lifukie kwa udongo mahali penye pengo, likandamize kwa kigingi chenye panda, na uache ncha yake nje ikitazama juu. Weka matandazo ili udongo usikauke. Usilitenganishe na mti wake mpaka ulivute taratibu na kuona kwamba limeshika mizizi, na hapo lipogoe kama mche wa hatua ya tatu.