Somo: Nyumba ya kisasa jangwani bila kuijeruhi ardhi

Wakuu, salaam. Kuna walioomba somo hili kwa muda, basi tuanze. Niseme mapema jambo litakalotuongoza hadi mwisho: upole wa nyumba kwa jangwa haupimwi kwa kilo, unapimwa kwa ukubwa wa eneo ulilolivuruga. Ukuta mnene wa udongo waweza kuwa mpole kuliko kibanda cha chuma kilichofikishwa na malori yaliyokanyaga kila upande.

Hatua ya 1: Isome ardhi kabla ya kuchora

Nenda kiwanjani ukatembee, ikiwezekana mara tu baada ya mvua, uone maji yanapita wapi. Korongo kavu lenye mchanga laini na vichaka pembeni linavutia kujenga kwa sababu ni tambarare. Usidanganyike, hiyo ni njia ya maji. Mvua inaweza kunyesha mbali milimani, juu yako jua linawaka, na mafuriko yakakufikia vilevile. Humo usijenge, wala usichimbe shimo la maji taka.

Kisha inama utazame udongo. Sehemu nyingi za jangwa zina gamba jembamba, mara nyingi jeusi na lenye vinundu, lililofumwa na bakteria, mwani na kuvu. Gamba hilo ndilo linalouzuia mchanga usipeperuke. Nyayo za mtu zinatosha kulivunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi, pengine makumi. Weka alama palipo na gamba zima, pabaki hivyo. Nyumba iende palipo na mawe au palipokwisha kuharibiwa, hata kama hapo mandhari si ya kwanza kwa uzuri.

Hatua ya 2: Barabara kabla ya nyumba

Hapa ndipo watu wengi huharibu, na msanifu majengo mara nyingi hata haulizwi. Nyumba inaweza kuchukua mita za mraba 120, lakini malori, mchanganyiko wa zege, rundo la kokoto na kambi ya mafundi vikala mara kumi ya hapo. Katika jangwa la Mojave nchini Marekani, njia za vifaru vya jeshi vilivyofanya mazoezi kati ya 1942 na 1944 bado zinaonekana. Jangwa halisahau tairi.

Kwa hiyo chora njia moja ya kuingia, na hiyo hiyo iwe barabara ya nyumba baadaye. Ipite kwa usawa kando ya mteremko badala ya kuukata. Magari yaegeshwe mbali kidogo, watu watembee hatua chache. Zungushia kamba eneo la kazi, na vifaa virundikwe mahali patakapokuwa sakafu au baraza. Yaandike haya kwenye mkataba wa mkandarasi, maana maneno ya mdomo hayamzuii dereva wa lori aliyechelewa.

Hatua ya 3: Umbo na mwelekeo

Nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, na pande zake fupi ndizo zitazame jua la asubuhi na la alasiri. Jua la magharibi ndilo adui mkubwa: linakuja chini chini, upenu hauwezi kulizuia, nalo linakuta hewa tayari imechemka. Upande huo weka stoo, bafu, ngazi, chochote ambacho hulali ndani yake.

Kusini mwa Ikweta jua la mchana huegemea kaskazini, na kaskazini mwa Ikweta ni kinyume chake. Karibu na Ikweta lenyewe hupita juu ya kichwa na kubadilisha upande kadiri miezi inavyokwenda, hivyo upenu uwe mpana pande zote mbili ndefu.

Hatua ya 4: Wapi pazito, wapi pepesi

Jangwa kavu lina zawadi moja: mchana na usiku hutofautiana sana, nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi si ajabu. Ukuta wa udongo wa kushindilia wenye unene wa sentimita 30 hadi 40 huchelewesha joto kwa muda wa saa 8 hadi 12 hivi. Ndani kunabaki baridi mchana kutwa, kisha usiku unafungua madirisha na ukuta unapoa.

Lakini fanya hesabu yake. Ukuta wa magharibi uliopigwa na jua saa kumi alasiri utaleta joto lake chumbani kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, wakati umelala. Ndiyo maana napendelea kuchanganya. Sebule na jiko, zinazotumika mchana, ziwe na kuta nene. Vyumba vya kulala viwe vyepesi: nguzo za chuma, kuta nyembamba zenye kizuia joto, sakafu iliyoinuliwa. Vinapoa upesi jua likizama. Sehemu hiyo ya nguzo ndiyo unayoipeleka kwenye mteremko au kwenye udongo dhaifu, kwa sababu inagusa ardhi kwa vidoti tu na maji ya mvua yanapita chini yake bila kuelekezwa kwingine. Sehemu nzito ikae penye mwamba au udongo mgumu.

Juu ya yote weka paa la pili lenye nafasi ya hewa katikati. La juu linakula jua, la chini linabaki kivulini. Sijaona kitu kingine rahisi kinacholeta nafuu kubwa namna hiyo.

Hatua ya 5: Maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120, mahali penye mvua ya milimita 150 kwa mwaka, linapokea lita 18,000. Toa moja ya tano kwa upotevu, zinabaki 14,400. Gawanya kwa siku za mwaka: lita 39, yaani karibu ndoo mbili za lita 20 kwa siku kwa nyumba nzima. Mvua hiyo huja kwa vishindo vichache, kwa hiyo tangi liwe kubwa. Maji ya kuogea na kufulia yaende kwenye miti michache ya kivuli. Bustani ya nyasi tuisahau.

Mengine kwa ufupi: taa za nje zitazame chini na ziwe chache, mimea iwe ya hapo hapo, na uzio usiwe ukuta wa kufunga njia za wanyama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nilitaka kioo kuanzia chini hadi juu, kama zile nyumba za jangwani kwenye picha. Umenikatisha tamaa.

Usikate tamaa, ila ujue unachokiiga. Nyumba maarufu ya Kaufmann kule Palm Springs, mji wa jangwani California, Marekani, aliyoichora msanifu Richard Neutra mwaka 1946, ina vioo vingi, lakini ilikuwa nyumba ya mapumziko ya msimu wa baridi. Taliesin West, makazi na karakana ya msanifu Frank Lloyd Wright kule Arizona, nayo ilianza kama kambi ya msimu wa baridi. Wewe utaishi humo mwaka mzima. Weka kioo kikubwa kimoja kinachotazama ua wenye kivuli, kwingine madirisha madogo.

Je, kiyoyozi sitakihitaji kabisa?

Inategemea usiku wako. Kama usiku hewa inabaki juu ya nyuzi 30, ukuta mnene hauna pa kumwaga joto, utahitaji msaada wa mashine kwa miezi kadhaa. Kipoozeo cha maji, yaani mashine inayopoza hewa kwa kuyavukiza maji, kinafanya kazi vizuri kwenye hewa kavu, ila kinakunywa maji uliyoyahesabu hatua ya 5. Jangwa la pwani lenye unyevu hakifai.

Kwa nyumba ya nguzo, nyoka na nge je?

Inua sakafu angalau sentimita 60, chini paonekane peupe, usihifadhi mbao wala matofali huko. Wanapenda marundo na giza. Ziba kila tundu la bomba na waya.

Paa la sehemu nzito, mbao hazipatikani. Nifanyeje?

Mafundi wa Nubia, kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, wana namna ya kujenga paa la kuba kwa matofali ya udongo bila kutumia fomu ya mbao, kila safu ikiegemea iliyotangulia. Msanifu Hassan Fathy wa Misri aliitumia alipojenga kijiji cha New Gourna miaka ya 1940. Inataka fundi aliyefundishwa, usijaribie juu ya kitanda chako.

Mkuu, aliyeniuzia amekwisha kwangua kiwanja chote kwa greda. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu zaidi. Jenga hapo hapo palipokwanguliwa, usifungue pengine. Palipobaki, kwatua juu juu ili kusiwe kugumu, panga mawe kukata mwendo wa maji, rudisha matawi makavu, kisha zungushia kamba na uwazuie hata watoto. Usisawazishe tena.