Jinsi ya Kuunda Rada ya Visima vya Mafuta na Gesi: Anza na Mwamba

Anayetaka kuunda rada ya kushushwa kisimani ili kuchunguza mwamba wenye mafuta au gesi asianze na antena. Aanze na ukinzani wa umeme wa mwamba wenyewe, kwa kuwa huo ndio utakaoamua wimbi la redio ambalo rada hulituma litafika wapi kabla ya kurudi kama mwangwi. Chukua mwamba wa mchanga wenye kipimo cha daielektriki, yaani kinachoonyesha jinsi kitu kinavyopunguza kasi ya wimbi, cha 9. Humo wimbi husafiri sentimita 10 kwa kila nanosekunde, na mwangwi wa kitu kilicho umbali wa mita 5 hurudi baada ya nanosekunde 100. Ukinzani ukiwa omu-mita 1,000, wimbi hupoteza takriban nusu desibeli kwa kila mita (kila desibeli 10 zikipotea, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi). Ukishuka hadi omu-mita 100, hupoteza desibeli 5.5 kwa mita, yaani desibeli 55 katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, kabla ya kuhesabu nguvu inayotawanyika njiani. Mwamba uliojaa maji ya chumvi, wenye ukinzani wa omu-mita 1, hulimeza wimbi katika mita ya kwanza.

Kwa hiyo kipe chombo kazi kinayoiweza: kutazama mita chache kuzunguka kisima, hasa mahali ambapo maji yanasogelea mafuta au gesi. Daielektriki ya maji ni 80 hivi, ya mafuta ni 2 hadi 3, na ya gesi ni 1. Hata tofauti hiyo inapopungua ndani ya vitundu vya mwamba, bado hutoa mwangwi.

Kwa chombo cha kwanza napendekeza megahezi 100, ambazo katika mwamba tuliouchukua hutoa wimbi la urefu wa mita 1. Panga vikinza (vipuri vinavyozuia mkondo wa umeme) kwenye mikono ya antena ili isiendelee kutetema baada ya kutuma pigo la wimbi, kisha uifunike kwa bomba la faiba. Ishara zipandishwe juu kwa nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, kwani waya wa shaba hubeba mawimbi kisimani na kuzaa mwangwi wa uongo.

Jaribio la kwanza lifanyike hapa Arusha, katika kisima cha maji chenye bomba la plastiki (PVC), kwa kuwa bomba la chuma huzuia wimbi kabisa. Tafuta kisima kilichoachwa baada ya kukauka, ambacho karibu yake kimechimbwa kingine. Kuchimba kipya kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi. Pima kwanza upitishaji umeme wa maji ya eneo hilo, maana maji yetu mengi yana floraidi na madini mengine yaliyoyeyuka. Shusha rada katika kisima kimoja na bomba la chuma katika cha pili, rekodi, kisha uliondoe bomba na urekodi tena. Mwangwi unaotoweka pamoja na bomba ndio wa kuaminika, na umbali unaojulikana kati ya visima utakupa kasi halisi ya wimbi.

Antena moja haioneshi mwangwi umetoka upande gani. Ongeza vipokezi vinne kuizunguka, pamoja na dira, lakini baada ya jaribio hilo kufaulu.

Kisima cha gesi ni kigumu zaidi. Kwenye kina cha mita 3,000 shinikizo la maji pekee hufika megapaskali 30, na joto huweza kupita nyuzi 100, kwa hiyo chagua vipuri vya elektroniki vilivyothibitishwa kwa nyuzi 150. Chombo kishushwe kabla bomba la chuma halijawekwa, na pale ambapo matope ya kuchorongea, yaani kimiminika kinachojaza kisima wakati wa kuchimba, ni ya mafuta. Matope ya maji ya chumvi hula ishara kabla haijaugusa mwamba.