Kupima Jeni za Mafuta ya Maziwa ya Nyati Bila Kukata Kiwele

Anayetaka kujua kwa nini nyati mmoja wa maji anatoa mafuta asilimia 6 na mwenzake 8 hukimbilia DNA. Mimi humwambia aanze na RNA, nakala ya jeni ambayo seli huitoa inapoitumia jeni hiyo. DNA inaonyesha mnyama amezaliwa na nini. RNA inaonyesha kiwele chake kinafanya nini sasa hivi. Chukua jeni ya DGAT1: kwa ng'ombe ina sura mbili zinazotofautisha kiwango cha mafuta, lakini nyati waliopimwa wamekutwa wote na ile ya mafuta mengi. Ukiisoma hiyo tu, utawaona wanyama wako wote sawa.

Huna haja ya kukata kipande cha kiwele. Baadhi ya vitone vya mafuta vikitoka kwenye seli ya tezi ya maziwa hubeba chembe ya uteute wa seli hiyo, na ndani yake mna RNA. Kamua mpaka mwisho, changanya, ndipo uchukue sampuli. Maziwa ya kwanza kutoka yana mafuta kidogo mno na yatakupotosha. Yaweke kwenye barafu papo hapo. Maabara, yazungushe kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) iliyopoozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, engua tabaka la mafuta lililoganda juu kwa kijiko safi, ulitie moja kwa moja kwenye trizoli, kimiminika cha kutolea na kuhifadhi RNA. Fanya haraka: RNA huharibika upesi kuliko wengi wanavyodhani. Nyati mwenye ugonjwa wa kiwele mwache kabisa, maana chembe nyeupe za damu zitakujazia RNA isiyokuhusu.

RNA hiyo hugeuzwa DNA, kisha hupimwa kwa qPCR, njia inayoirudufisha kwa mizunguko; jeni iliyo nyingi huonekana mapema. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoitambua jeni unayoitaka, zitengenezwe kwa mfuatano wa nyati mwenyewe. Za ng'ombe wakati mwingine hukubali, wakati mwingine hukudanganya. Tumia jeni rejea, yaani zisizobadilika za kulinganishia, mbili au tatu, moja haitoshi.

Hesabu ni hivi. Tuseme jeni ya FASN imeonekana kwenye mzunguko wa 24 na rejea kwenye wa 20: tofauti ni 4. Baada ya kubadili lishe FASN inaonekana kwenye wa 26, rejea palepale: tofauti ni 6. Imeongezeka mizunguko miwili, na kila mzunguko ni maradufu, kwa hiyo FASN imeshuka hadi robo.

Sasa soma jeni kwa makundi. FASN na ACACA huunda asidi fupi za mafuta ndani ya kiwele. LPL huchota mafuta yaliyomo kwenye damu. DGAT1 hukamilisha kazi. Zikishuka pamoja, pamoja na SREBF1 inayoziamrisha, mimi hutazama hori kabla ya kitu kingine. Nafaka nyingi na mafuta ya mimea pasipo majani ya kutosha huwafanya bakteria wa tumbo watengeneze asidi ya mafuta inayozima jeni hizo, hata kwa kiasi kidogo sana.

RNA nyingi si lazima iwe kimeng'enya kingi (protini inayofanya kazi yenyewe), kwa hiyo maziwa yaleyale yapimwe asilimia ya mafuta na aina za asidi. Zikipungua zile fupi, zenye kaboni chini ya 16, jibu limepata nguvu. Rudisha majani, linganisha wanyama waliozaa kipindi kimoja, na upime tena baada ya wiki tatu hivi. Kiwele hakirudi hali yake kwa siku mbili.