Kumtunza Mbwa Aliyetoka Kuzaa

Mbwa jike akishamaliza kuzaa, mwache apumzike na watoto wake mahali pakavu pasipo na pitapita za watu, kisha umkague kila asubuhi na jioni. Uchafu unaomtoka ukeni huwa wa kijani kilichokolea mwanzoni, halafu hugeuka wekundu wa kahawia na kupungua kwa wiki kadhaa, hilo lisikutishe. Ukinuka vibaya au ukiwa na usaha, huku mama amezubaa na hataki kula, huenda mfuko wa uzazi umepata maambukizi, hivyo mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Papasa matiti moja moja. Lenye afya ni laini na vuguvugu. Lenye maambukizi huwa gumu, jekundu na la moto, na mama hushtuka ukiligusa.

Kufikia wiki ya tatu anaweza kuhitaji chakula mara 2 hadi 3 ya kile cha kawaida, na kwa kweli ugali mtupu ni kumwonea: changanya nyama au mayai yaliyopikwa, na maji safi yawepo daima.

Hatari kubwa kuliko zote ni kupungukiwa kalsiamu katika damu, hasa kwa mbwa wa umbo dogo mwenye watoto wengi, mara nyingi ndani ya wiki 4 za kwanza. Huanza kuhema ovyo, hatulii, miguu hukakamaa na misuli hutetemeka. Watenge watoto na umkimbize kwa daktari, hata kama ni usiku wa manane.