Namna ya Kuendesha Mpango wa Kuwasaidia Mawakili Wenye Uraibu au Matatizo ya Afya ya Akili

Mwongozo huu ni wa mawakili wanaotaka kuanzisha mpango wa kuwasaidia wenzao waliolemewa na pombe, dawa za kulevya, sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Ninauandika kutokana na kazi ninayoifanya Dar es Salaam ya kuratibu kikundi kidogo cha mawakili wanaojitolea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliohusisha mawakili 12,825 walio kazini, uligundua kuwa asilimia 20.6 walikuwa na unywaji wa kutia shaka na asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona. Takwimu hizo si za kwetu, lakini yeyote anayesubiri kesi kwenye korido za mahakama zetu saa mbili asubuhi anaijua harufu inayofunikwa kwa pipi ya mnanaa.

Hatua ya kwanza: Utenge mpango na masuala ya nidhamu

Wakili hatampigia simu mtu ambaye kesho anaweza kumshtaki mbele ya kamati ya maadili. Kwa hiyo mratibu asiwe mjumbe wa chombo chochote cha nidhamu, namba ya simu ya mpango isiwe ile ya ofisi ya chama cha mawakili, na viongozi wapewe idadi tu ya waliohudumiwa, bila majina wala maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu. Nchini Marekani, ambako Chama cha Mawakili cha Marekani (ABA) kiliunda tume ya kushughulikia suala hili mwaka 1988, Kanuni ya Mfano 8.3 ya maadili ya mawakili inamtaka wakili aripoti utovu mkubwa wa maadili wa mwenzake, lakini aya yake ya (c) inamwondolea wajibu huo kwa yale aliyoyajua akishiriki katika mpango wa usaidizi ulioidhinishwa. Kabla ya kupokea mtu hata mmoja, pateni maoni ya kisheria ya maandishi kuhusu kinga mliyo nayo ninyi, kisha msiahidi siri inayozidi kinga hiyo.

Andaeni ukurasa mmoja unaoeleza mipaka ya siri: hatari ya uhai, mtoto anayeumizwa, amri ya mahakama. Msomeeni mhusika ukurasa huo kabla hajaanza kusimulia, kwa sababu akiusikia baada ya kufunguka atahisi ametegwa.

Kumbukumbu ziandikwe kwa namba badala ya majina na zifungiwe kabatini. Sisi tulifanya kosa la kufungua kundi la WhatsApp ili kurahisisha mawasiliano, na mara moja kila mwanachama akaweza kuziona namba za wenzake. Wawili walijitoa usiku uleule, na mmoja wao hatukumpata tena. Hadi leo naona tulimpoteza kwa uzembe wetu.

Hatua ya pili: Chagueni wasaidizi kwa uangalifu

Msaidizi bora ni wakili aliyewahi kupitia hali hiyo na akadumu katika nafuu kwa muda usiopungua miaka miwili. Yeye hatoi tiba, kazi yake ni kusikiliza, kuelekeza na kusindikiza, na tiba inabaki kwa daktari wa magonjwa ya akili na mwanasaikolojia mliokubaliana nao mapema. Kabla hamjampangia mtu, ulizeni majina ya ofisi na ya kesi zinazoendelea, maana haifai mtu akamwagie siri zake wakili watakayekutana naye mahakamani Alhamisi akiwa upande wa pili.

Hatua ya tatu: Pokeeni simu ya kwanza

Simu nyingi huanza hivi: “Wakili msomi, nina rafiki yangu ana shida kidogo na pombe.” Usimuulize kama rafiki huyo ni yeye. Endelea kuzungumza juu ya rafiki huyo kwa heshima ileile, naye atavuka mwenyewe atakapokuwa tayari; wengine huvuka baada ya dakika kumi, wengine baada ya simu ya tatu.

Yako maswali matatu yasiyosubiri: yuko wapi sasa, amekunywa au kutumia nini leo, na je, anafikiria kujiua. Swali la mwisho liulizwe waziwazi, kwa neno lenyewe, kwani kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Tukumbuke kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wakili anakijua vizuri, jambo linalomfanya afiche zaidi. (Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kinachofanana na hicho ni kinyume cha Katiba.) Jibu likiwa ndiyo, usikate simu mpaka awepo mtu kando yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Jambo jingine ambalo msaidizi mwenye nia njema hukosea ni kumwambia mnywaji aache usiku huohuo. Mtu ambaye kila asubuhi lazima azimue, yaani anywe tena, ndipo mikono itulie, akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 48, na baadaye kuchanganyikiwa kwa kiwango kinachoweza kumuua. Huyo anaachishwa chini ya uangalizi wa daktari. Kwa anayetumia heroini, arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa, ndiyo inayomrudisha kijiweni, hivyo aelekezwe kwenye kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011.

Kwa tathmini ya awali tunatumia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10, ambapo alama 8 au zaidi ni ishara ya unywaji wenye madhara, pamoja na dodoso la PHQ-9 kwa ajili ya sonona. Majibu hupelekwa kwa mtaalamu.

Hatua ya nne: Shughulikieni majalada

Hapa ndipo mpango wa mawakili unapotofautiana na huduma nyingine zote, na kwa maoni yangu ndipo unaposimama au kuanguka. Nilimkuta mwenzetu mmoja ameketi ndani ya gari nje ya masijala, injini imezimwa, na kwenye kiti cha nyuma kuna majalada kumi na moja ambayo hakuwa ameyafungua kwa wiki sita. Aliniambia haogopi kuacha pombe. Anaogopa kulifungua jalada la juu. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutakiwa ndani ya siku 30, na yeye alikuwa amebakiwa na siku nne. Tungempeleka hospitali na kuyaacha majalada garini, angetoroka wodini.

Mwombeni mhusika, akisaidiwa na karani wake, aandike orodha ya kesi zote na tarehe zake, akianza na zenye ukomo wa muda ulio karibu. Msaidizi asifungue jalada lolote kabla mteja hajaridhia, kwa kuwa siri ya mteja haiondolewi na ugonjwa wa wakili. Mteja aambiwe kwamba wakili wake ni mgonjwa, bila kutajiwa ugonjwa, kisha achague kati ya kusubiri na kukabidhiwa wakili mwingine. Pale inapohitajika ahirisho tu, mwenzake asimame kwa niaba yake na kusema ukweli huohuo mfupi mbele ya hakimu.

Fedha za wateja zina ugumu wake. Ikibainika pengo katika akaunti ya wateja, msaidizi asimame hapohapo, asiendelee kudodosa, na mhusika atafutiwe wakili wa kumshauri aliye nje kabisa ya mpango.

Hatua ya tano: Simamieni kurudi kazini

Anayetoka matibabuni aanze na kesi chache, ikiwezekana bila fedha za wateja kwa miezi mitatu ya kwanza. Msaidizi ampigie kila wiki kwa mwaka mzima, kwa siku na saa isiyobadilika. Akianguka tena, asifukuzwe kwenye mpango. Arudishwe kwa daktari, na orodha ya majalada ipitiwe upya siku hiyo. Kwa simu hizo za kila wiki, sisi tumechagua Jumapili saa moja jioni, kwa kuwa ndio wakati ambao mawakili wengi hupanga majalada ya Jumatatu.