Darubini ya lenzi au ya kioo: kuchagua na kuiweka sawa

Darubini ya lenzi hupinda nuru kwa lenzi mbinuko iliyo mbele ya bomba. Haisumbui kwa marekebisho, ila zile rahisi huuzungushia Mwezi ukingo wa zambarau, kwa kuwa kila rangi hupindika kivyake. Ya kioo, ambayo Newton aliiunda mwaka 1668, hukusanya nuru kwa kioo mbonyeo kilicho mwisho wa bomba. Rangi hazitawanyiki, na kwa fedha ileile unapata kioo chenye kipenyo kikubwa zaidi. Angalia kipenyo hicho. Namba ya ukuzaji kwenye boksi ni ya kuvutia wanunuzi tu.

Ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo hadi pale nuru inapokutana) kwa ule wa lenzi ya jicho, yaani ile unayochungulia: milimita 1200 kwa 10 ni mara 120. Kwa kipenyo cha milimita 100, ukipita mara 200 unakuza ukungu.

Udhaifu wa kioo ni kuhama mahali pake kikitikiswa. Iache darubini nje dakika 30 ipoe, ielekeze kwenye nyota angavu, kisha vuruga fokasi kidogo. Utaona miduara yenye kivuli cheusi. Kivuli kikikaa pembeni badala ya katikati, zungusha skrubu moja nyuma ya kioo, robo mzunguko tu, rudisha nyota katikati, tazama tena.