Somo: Kuchonga Seti ya Runi kwa Mkono

Runi ni herufi za watu wa Ulaya ya Kaskazini waliosema lugha za Kijerumani, na walizitumia kabla ya kupokea herufi za Kilatini. Somo hili linafuata mpangilio wa kale wenye herufi 24, ambao tunauona umeandikwa wote kwenye jiwe la Kylver, katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, la mnamo mwaka 400.

1. Tayarisha ufito. Wengi hukata tawi kuwa visahani vya duara, nami sishauri hivyo, kwa sababu umbo la runi limetokana na nyuzi za mbao, na kisahani hakina nyuzi zinazolala upande wowote. Mchongaji wa zamani alishika kijiti kwa mlalo, akakata mistari wima na ya mshazari kuvuka nyuzi. Mstari wa mlalo ungefuata nyuzi, ukapasua mbao au ukapotea machoni. Ndiyo maana runi za kale karibu hazina mistari ya mlalo. Chukua basi ufito mkavu uliopigwa randa, wenye upana wa sentimita 3, unene wa milimita 8 na urefu wa sentimita 65 hivi, nyuzi zikienda kwa urefu wake.

2. Gawa kwa penseli vyumba vya sentimita 2, ukiacha nafasi ya msumeno kati yake, kisha chora herufi zote kwa mpangilio wake, kuanzia fehu, uruz na thurisaz. Usikate vipande bado, kwa kuwa ufito mrefu hushikika vizuri kwenye jiliwa, ilhali kipande kidogo huteleza na kuhatarisha vidole.

3. Chonga. Kila mstari unahitaji mikato miwili: laza kisu upande mmoja wa alama ya penseli, kata, kisha laza upande wa pili, mikato ikutane chini, na kijisehemu cha mbao kitatoka chenyewe kikiacha mfereji safi. Anza na mistari wima, ambayo ni migumu zaidi kwa kuwa inakata nyuzi moja kwa moja. Kisu butu hurarua nyuzi badala ya kuzikata, kwa hiyo kinoe mara kwa mara.

4. Kata vipande kwa msumeno wenye meno madogo, lainisha kingo kwa msasa, tia rangi nyekundu ndani ya mifereji (baadhi ya mawe ya runi bado yana mabaki ya rangi hiyo), kisha paka mafuta ya kitani. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo usikikunje; kitandaze nje kikauke, kwani kinaweza kuwaka moto chenyewe.

Maswali ya wanachama

Je, seti inahitaji kipande kisicho na herufi?
Hapana. Kipande hicho kimeongezwa na waaguzi wa kisasa katika karne ya 20, na hakimo katika maandishi yoyote ya kale. Tengeneza vipande viwili vya akiba, lakini uviweke kando.

Ni kweli kwamba Warumi waliandika juu ya kupiga ramli kwa runi?
Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, mnamo mwaka 98 aliandika kwamba Wajerumani walikata tawi la mti uzaao matunda, wakatia vipande alama, wakavimwaga juu ya kitambaa cheupe na kuokota vitatu. Alisema alama tu, hakusema ni herufi, na mimi nisingedai zaidi ya hapo. Tunalolijua kwa hakika ni kwamba runi ziliandika maneno ya kila siku: huko Bergen, Norwe, baada ya moto wa mwaka 1955, wachimbaji walipata mamia ya vijiti na mifupa yenye majina ya wenye mizigo, barua za biashara, sala na maneno ya mapenzi.

Niko Tanga, nitumie mti gani?
Mpera unafaa sana, kwani mbao zake ni ngumu, nyuzi zake ni laini na hazimeguki ovyo. Tofauti na ufito mkavu wa hatua ya 1, mti huu uchonge kabla haujakauka kabisa, halafu uukaushe polepole kivulini, mbali na jua kali, usije ukapasuka.